Dakika Tatu na Sekunde Arobaini

Mtaani walimwita Mama Picha, na jina likamkaa hata mumewe akawa analitumia. Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha chini katika jengo la ghorofa tatu, kati ya duka la kudurufu karatasi na saluni ya wanawake. Ukutani alitundika mapazia matatu: jeupe la picha za pasipoti, la bluu la wahitimu, na moja la maua makubwa mekundu ambalo yeye alilichukia na wateja walilipenda kupita kiasi. Siku za kazi alipiga picha za vitambulisho. Jumamosi alirekodi harusi.

Alikuwa mwoga. Sisemi hivyo kumsengenya. Mwenyewe alilitangaza kabla hujamuuliza. Lifti hakupanda. Mbwa akibweka nyumba ya tatu, yeye alishavuka barabara. Radi ikipiga, alichomoa plagi zote za nyumba, kisha akaketi katikati ya kitanda amekunja miguu. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa mzaha asiyejua kunyamaza, na alipenda kuwasimulia wageni kwamba siku ya ndoa yao bibi harusi alitetemeka mpaka cheti kikatoka na sahihi yake mara mbili.

"Na bado ukaoa," alikuwa akimjibu.

Kitu pekee kilichomwondolea woga kilikuwa kamera. Akishaweka jicho kwenye kioo chake, vitu vyote viligeuka picha, na picha haiumi mtu. Kuna harusi moja jenereta ilishika moto, wageni wakakanyagana mlangoni, lakini yeye akabaki amesimama wima akiurekodi moto mpaka mumewe akaja kumvuta kwa mkanda wa suruali. Alipoonyeshwa ile video nyumbani, ndipo alipoanza kulia.

Profesa alimjua kwenye mahafali ya chuo kikuu. Alikuwa mtaalamu wa wanyama, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alikaa jukwaani saa nne akimtazama mwanamke aliyesimama nyuma ya kamera bila kuegemea kitu wala kukuna pua. Wiki mbili baadaye akaja studio. Mpigapicha wake wa siku zote alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo, na msafara ulikuwa unaondoka baada ya mwezi mmoja.

"Nataka mtu asiyetikisika," alisema, amekaa kwenye kiti cha picha za pasipoti kama mteja. "Tunakwenda kuwarekodi dubu. Wanavuka mto wa barafu kila mwaka kutoka bonde moja kwenda jingine, na hakuna aliyewahi kuonyesha wanapita wapi."

"Mto wa barafu ndiyo nini?"

"Barafu iliyojaa bonde zima, inateremka mlimani polepole kama uji mzito. Ukiitazama huoni ikitembea. Lakini inatembea."

Mama Picha alicheka, akadhani ni utani. Halafu akaona Profesa hacheki. Akamwambia kuwa yeye anaogopa hata paka wa jirani.

"Ukiwa na kamera je?"

Mama Picha aligeuka kuitazama kamera yake, na Profesa akajua amempata.

Nyumbani mumewe alifurahi kupindukia, kana kwamba anayesafiri ni yeye. "Baridi? Baridi naijua mimi! Nimeishi nayo miaka kumi na minane." Akamfundisha kuweka betri za kamera ndani ya nguo, zigusane na ngozi, maana betri ikipoa inakufa. Akamfundisha asiitoe kamera kwenye baridi na kuiingiza kwenye joto ghafla, itatoka jasho ndani. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, alisikiliza yote hayo akimenya vitunguu, kisha akauliza swali moja tu: "Sasa hao wanyama, walisema wanataka kupigwa picha?"

Helikopta iliwashusha watu wanne na mizigo yao juu ya mawe, ikaondoka, na sauti yake ilipoisha Mama Picha alisikia ukimya ambao hakuwahi kuusikia popote. Haukuwa ukimya kamili. Chini yake kulikuwa na mngurumo, mbali, kama mtu anaburuta kabati chumba cha pili. Ilikuwa barafu. Baada ya muda ikapasuka mahali, mlio mkavu wa ghafla, naye akajikuta amechutama amefunika kichwa.

"Utazoea," alisema kiongozi wa njia.

Huyu alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, aliyekulia jirani na milima ile. Walimwita Kamba, kwa sababu hakumruhusu mtu apige hatua kwenye barafu bila kufungwa kamba kiunoni. Yeye ndiye aliyepanga bendera ndogo nyekundu, moja kila hatua ishirini, kuonyesha njia isiyo na nyufa. Nyufa nyingine zilifunikwa na theluji nyembamba, ukikanyaga, umekwenda. Sheria zake hazikuwa nyingi: fuata bendera, beba kopo la dawa ya pilipili la kumpulizia dubu, piga kelele unapotembea ili dubu asishtuke kukuona. Na mtu asiachwe peke yake, hata kama anakwenda haja. Mtu wa nne alikuwa mpishi, ambaye hakutoka kambini, na ambaye alisema wazi kwamba hakulipwa kuliwa.

Mama Picha hakuzoea. Kwa wiki tatu alilala na buti miguuni. Majira yale jua lilikuwa halizami vizuri, linainama tu na kuinuka, na hema lilikuwa na mwanga saa zote, kwa hiyo hata giza la kujifichia hakulipata. Lakini kila asubuhi alitembea na wenzake dakika arobaini kutoka kambini, bendera hadi bendera, mpaka kwenye ukingo wa mawe walipoweka hema la kuvizia. Lilikuwa la turubai la rangi ya jiwe, lenye tundu moja la mbele la kupitishia lenzi. Akishaingia humo na kuweka jicho kwenye kioo, alipumua. Alirekodi mbweha. Alirekodi mbuzi wa milimani wakishuka mwamba kama maji. Dubu hawakuja.

Walikuja wiki ya nne.

Siku hiyo kifaa cha kupimia hali ya hewa kilikuwa kimeanguka kule juu, na Kamba alilazimika kupanda kukisimamisha. Kabla ya kuondoka aliwaambia Profesa na Mama Picha mara mbili: msiachane. Wakaitikia. Saa tano asubuhi wakiwa ndani ya hema la kuvizia, dubu jike akatokea upande wa pili wa barafu na watoto wawili nyuma yake.

Mama Picha alibonyeza kitufe cha kurekodi, na mkono wake ukatulia. Dubu alikuwa mbali, labda mwendo wa nusu saa, mkubwa, wa rangi ya kahawia iliyopauka mgongoni. Alitembea hatua chache, akasimama, akanusa barafu, akageuza njia. Alikuwa akizikwepa nyufa. Watoto walikanyaga palepale alipokanyaga mama yao, isipokuwa kwenye mteremko mmoja ambapo wa mwisho aliketi kwa makusudi, akateleza kwa makalio mpaka chini, kisha akapanda tena arudie. Mama yake alirudi akamzaba kofi.

"Umeipata hiyo?" Profesa alinong'ona. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Niambie umeipata."

"Nimeipata. Lakini betri imebaki kidogo, na hii ya akiba imekufa."

Betri nyingine zilikuwa kambini zikichajiwa kwenye paneli ya jua. Profesa alitazama saa, akamtazama dubu, akaanza kufunga kamba za buti.

"Kamba amesema tusiachane," alisema Mama Picha.

"Kamba anaogopa kivuli chake. Saa moja na nusu tu, nimerudi. Wako mbali mno. Wewe washa kamera na kuzima, okoa betri. Nikifika karibu nitakuita kwenye redio. Kama wanyama wako mbele yako na huwezi kuongea, usinijibu, nitaelewa. Nitakuja kimyakimya nisikuharibie picha."

Akatoka, akafunga zipu ya hema nyuma yake.

Saa nzima ilipita vizuri. Kisha ukungu ukashuka kutoka mlimani. Haukuja kwa kishindo. Ulianza kama kioo cha kamera kimepumuliwa, naye akakifuta kwa kitambaa mara mbili kabla hajaelewa. Dubu alififia, watoto wakafifia, mara kukawa na weupe mtupu. Aliacha kamera ikirekodi ule weupe, akitarajia utapasuka. Kinasa sauti kilikuwa kimewashwa pia. Kilikuwa kizuri, Profesa alikinunua makusudi kwa ajili ya kunasa mngurumo wa barafu, na kilisikia hata kitambaa cha koti kikisuguana.

Alikaa hivyo, mikono kwapani, akihesabu bendera kichwani kutoka hapo mpaka kambini. Ndipo akasikia changarawe zikisagika.

Alidhani ni Profesa. Karibu aite. Lakini hatua zile zilikuwa nyingi, nzito na nyepesi zimechanganyika, na nyuma yake kukaja harufu: manyoya mabichi, na kitu kama samaki wa juzi. Zikapita upande wa kushoto. Zikazunguka nyuma. Kisha pumzi ikaingia kwenye turubai, karibu na bega lake, ndefu, yenye unyevu, kama mtu anayenusa nguo kujua kama ni safi. Turubai likabonyea ndani. Akaliona umbo la pua.

Aliweka jicho kwenye kioo cha kamera kwa mazoea, akitafuta ile faraja yake, akaona weupe tu. Kamera ilitazama mbele na dubu alikuwa nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu aishike kamera, haikuwa na msaada wowote. Kopo la pilipili lilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa mlangoni. Nje mtoto mmoja wa dubu alikuwa akivuta kamba ya hema, likatikisika, akaacha, akavuta tena. Alicheza. Mama yake hakuwa akicheza.

Hapo redio kifuani mwake ikaongea.

Alikuwa ameipunguza sauti mpaka ikawa kama mbu, lakini ndani ya ukimya ule ilisikika kama tangazo sokoni. "Mama Picha, mimi hapa. Niko bendera ya kumi kutoka kwako. Ukungu mzito. Unanisikia?"

Pumzi nyuma ya turubai ikakatika. Dubu alikuwa anasikiliza.

"Hujibu. Sawa, nimekuelewa," ilisema ile sauti kwa furaha. "Wako mbele yako, siyo? Nakuja kimyakimya."

Alijua maana ya maneno hayo. Hilo, alipokuja kukiri, hakulificha: alijua. Bendera kumi ni hatua mia mbili. Mtu anakuja kwenye ukungu, amenyamaza, akitembea moja kwa moja kuelekea kwa dubu mwenye watoto. Alichotakiwa kufanya ni kubonyeza kitufe cha pembeni na kusema neno moja. Mkono wake ukaenda kifuani, ukaishika redio. Vidole vikapita kitufe cha pembeni, vikapanda juu kwenye kile cha kuzimia, vikakizungusha. *Tik.* Redio ikazimika.

Mwili wake ulifanya hivyo, na yeye akautazama ukifanya.

Kilichofuata hakukijua urefu wake. Alikuwa ameuma kola ya koti. Dubu alinusa tena, chini zaidi, karibu na nyonga yake, akapiga turubai kofi dogo la kujaribu. Chuma kimoja cha hema kikapinda. Mama Picha alifikiri kuhusu binti yake, aliyebaki nyumbani na bibi yake, na baada ya hapo, kwa aibu kubwa, alifikiri kuhusu lile pazia la maua, kwamba angelichoma moto akirudi. Ndivyo akili ilivyo. Alijiambia bado, bado kidogo, akiondoka huyu nitawasha. Hakuondoka. Ndipo alipomwona Profesa kichwani mwake, yule mtu mwembamba na machozi yake ya furaha, akinyata ili asiharibu picha.

Akawasha. Akabonyeza. Alitaka kunong'ona, lakini sauti ikatoka kwa ukelele:

"Usije! Dubu! Dubu yuko hapa!"

Sauti yake aliisikia mara mbili: ndani ya hema, na kwenye redio ya Profesa nje, si mbali, hatua thelathini labda. Dubu alizisikia zote mbili. Hema likayumba alipoondoka kwa kasi. Akasikia changarawe zikiruka, Profesa akipaza sauti, "Hei! Hei!", mlio wa kopo la pilipili likipulizwa, na kishindo. Kisha mlio wa mtu ambao sitauelezea. Kisha watoto wa dubu wakilia, wakiondoka, wakilia mbali zaidi.

Kisha hakuna kitu.

Alibaki ndani. Na hilo alilisema baadaye bila kuulizwa. Alibaki mpaka aliposikia, "Mama... Mama Picha," kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kusumbua. Ndipo akatoka, kwa magoti, kopo lake mkononi, akifuata bendera na damu.

Profesa alikuwa ameanguka ukingoni mwa ufa, mguu mmoja unaning'inia. Paja la mguu mwingine lilikuwa limechanwa toka katikati mpaka karibu na goti. Mama Picha alimvuta kwa kola. Alifungua mkanda wa begi la kamera, akalifunga paja juu ya jeraha kwa nguvu zake zote, kama mumewe alivyofunga bomba linalovuja, akasokota kwa mpini wa kisu mpaka damu ikapungua. Alimwita Kamba kwenye redio. Kamba akasema maneno matatu tu: "Msiondoke hapo. Nakuja." Helikopta haikuweza kuja mpaka ukungu ulipoinuka, saa tano baadaye. Saa zote hizo alimlalia Profesa juu kumpa joto, akitazama weupe pande zote, akisubiri kusikia changarawe.

"Ilikuwaje hukunijibu?" Profesa aliuliza mara moja, midomo imembadilika rangi. "Ulisema usije, lakini mwisho kabisa. Redio iliganda, eh? Baridi hii."

"Ndiyo," alisema. "Iliganda."

Ndani ya helikopta Profesa alimshika mkono akamshukuru kwa kumwokoa. Kamba, aliyewafikia muda mfupi kabla ya helikopta, alikuwa amekaa mkabala nao, redio ya Mama Picha mapajani mwake. Aliiwasha, ikawaka. Akaizima, akaiwasha tena. Alimtazama tu, kisha akageukia dirishani.

Aliporudi nyumbani mtaa mzima ulikuja kumwona. Mumewe aliwapokea wageni mlangoni na kuwasimulia jinsi mkewe alivyomfukuza dubu kwa ukelele, na kila siku dubu aliongezeka kilo. Mama Picha alikaa kwenye kochi akitabasamu kwa shida. Alikuwa ameanza kuogopa kitu kipya. Mlango ukigongwa aliogopa. Simu ikiita aliogopa. Alikuwa ameacha kumwota dubu. Sasa aliota ule mlio mdogo wa kitufe.

Kadi za kamera zilikuwa studio, kwenye droo. Profesa, akiwa bado kitandani hospitalini, alimwomba aanze kuzipanga. Alianza na mbweha. Akamaliza mbuzi. Akafika kwenye dubu, kile kipande cha mtoto aliyeteleza, na hakuweza kucheka. Kisha ukaja weupe.

Alivaa spika za masikioni, akafunga mlango wa studio kwa ufunguo. Siku zote alijiambia zilikuwa sekunde kumi. Labda ishirini. Alisikiliza sauti ya Profesa ikisema nakuja kimyakimya, akausikia mlio wa kitufe, safi kabisa, akatazama saa ya chini ya picha ikihesabu. Pumzi ya dubu. Chuma kikipinda. Pumzi yake mwenyewe, ya haraka, kama ya mtoto mwenye homa. Mlio wa pili, na "Usije!"

Dakika tatu na sekunde arobaini.

Alirudisha nyuma, akidhani amesoma vibaya. Hakuwa amesoma vibaya. Kwa dakika tatu na sekunde arobaini mtu mzima anaweza kugeuka na kurudi bendera zote kumi.

Kishale cha kompyuta kilikuwa juu ya neno Futa mumewe alipogonga. Alikuwa ameleta chakula cha mchana. Alipomwona uso, akaingia na kufunga mlango mwenyewe. Mama Picha hakueleza. Alimvisha spika za masikioni, akabonyeza. Akamtazama mumewe akisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kumwona hana la kusema.

"Nifute?" aliuliza.

"Sisemi."

"Niambie tu nisifute."

"Nikisema futa, utanichukia. Nikisema usifute, wakikushtaki, utanichukia zaidi." Akaketi kwenye kiti cha pasipoti. "Kula kwanza."

Hakula. Lakini hakufuta pia, na Jumatatu alifunga studio mapema akaenda nyumbani kwa Profesa, aliyekuwa ametoka hospitali. Mke wa Profesa, mwalimu wa shule ya msingi, alimkaribisha kwa kumkumbatia, na kukumbatiwa kule kulimuumiza kuliko tusi. Profesa alikuwa sebuleni, mguu umewekwa juu ya mito. Mama Picha aliweka kompyuta mapajani mwake, akasimama.

Profesa alisikiliza. Akasema, "Rudisha nyuma." Akasikiliza tena, akaisimamisha mwenyewe.

"Huo mlio ni nini?"

"Ni mimi. Niliizima."

"Uliniambia iliganda."

"Nilikudanganya, Profesa."

"Kwenye helikopta nilikushika mkono." Sauti yake ile kubwa ilikuwa imekwisha. "Nikakushukuru mbele ya watu."

"Nakumbuka."

"Ondoka, tafadhali. Ondoka kabla sijasema neno ambalo siwezi kulirudisha."

Aliondoka, akaiacha kompyuta mapajani mwa Profesa. Mke wa Profesa alikuwa jikoni akiandaa vinywaji, na alimwona akipita dirishani na kumwita, lakini hakugeuka.

Wiki tatu zilizofuata alipungua mpaka gauni likamning'inia. Alisubiri barua ya wakili, au polisi, au mtu wa gazeti. Alirekodi harusi mbili, na katika zote mkono ulimtikisika. Mama mkwe, ambaye hakuambiwa kitu na alijua kila kitu, alianza kumwekea chakula sahani ndogo ili asikate tamaa ya kukimaliza.

Profesa alipiga simu siku ya Jumatano. Hakumsalimia.

"Nimeisikiliza upya, tangu asubuhi ile," alisema. "Kuna mahali unasema, Kamba amesema tusiachane. Halafu nasikika mimi nikijibu kama mpumbavu. Saa moja na nusu tu. Halafu nakuambia usinijibu. Hayo ni yangu."

"Profesa, mimi..."

"Ngoja. Sijakusamehe. Usinielewe vibaya. Nikiamka na kushuka kitandani, mguu unanikumbusha, na nakukasirikia, kisha najikasirikia. Lakini mwakani watu sita wanakwenda kule. Nataka wakae chumba kimoja wausikie mkanda wote, kuanzia mimi ninapofunga buti. Sitafanya hivyo bila ruhusa yako."

Mama Picha aliuliza, "Wataisikia pumzi yangu?"

"Wataisikia."

"Basi wasikie. Lakini sitaingia."

Walipangiwa chumba cha semina chuoni, ghorofa ya pili. Kamba alisafiri siku mbili kuja kuwafundisha wale sita. Alimkuta Mama Picha amekaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango, mkoba mapajani. Akamshika bega. "Nilijua," alisema. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe." Akaingia, mlango ukafungwa.

Mke wa Profesa alikuja akakaa mwisho wa pili wa benchi. Alikuwa amembebea mumewe fimbo ya akiba.

"Aliniambia jioni ileile uliyokuja," mke wa Profesa alisema. "Nilikuchukia mwezi mzima. Niliwahi kupita mbele ya studio yako nikiwa na maneno tayari."

"Kwa nini hukuingia?"

"Ulikuwa unampiga picha mtoto mdogo, anakataa kukaa. Nikaona nitasubiri umalize. Halafu nikachoka kusubiri." Akavuta pumzi. "Bado sijui nikuone vipi."

"Na mimi sijui."

Ukutani sauti ilianza kupenya, ya Profesa, ikiwa na furaha: nakuja kimyakimya. Mama Picha akaanza kutetemeka, kwanza magoti, kisha mabega, meno yakigongana. Alijua kinachofuata na urefu wake kwa sekunde. Alikodoa macho kwenye saa yake ya mkononi na hakuona mshale hata mmoja.

Mke wa Profesa alisogea kwenye benchi. Hakumkumbatia safari hii. Alikaa tu karibu kiasi cha mabega kugusana, akaiweka ile fimbo kati ya miguu yake, na wote wawili wakasikiliza mpaka mwisho.